Unataka kununua kasuku? Soma hii kwanza

Swali ninaloulizwa sana ni kasuku anauzwa wapi na bei gani, na mimi huwa narudisha swali: wewe kwa siku uko nyumbani masaa mangapi?

Manake huyu tunayemwongelea, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwao ni msituni, kuanzia Ghana, Kameruni na Kongo mpaka Uganda, na hapa Kenya wamebaki wachache mno msitu wa Kakamega. Huko jioni wanakusanyika makundi makubwa kulala pamoja, asubuhi wanaruka mbali kutafuta matunda ya michikichi, kila mmoja na mwenzi wake anayekaa naye miaka na miaka. Ni ndege wa kundi kabisa. Akiwa sebuleni kwako anaita jina lako siku nzima kwa sababu wewe ndio kundi lote alilobaki nalo, halafu saa moja asubuhi unafunga mlango unaenda kazini.

Upweke ndio unaowaumiza kuliko hata tundu lenyewe. Wanaanza kupiga kelele, kuuma, kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu, na mwenye ndege anadhani ni viroboto. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha tiba ya wanyama cha Vienna walichapisha matokeo ya vipimo vya damu, wakakuta kasuku wa kijivu wanaofugwa peke yao wana ncha za kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) fupi kuliko wenzao wanaokaa wawili wawili, na hizo ncha hufupika kadiri mwili unavyochakaa. Na akili wanayo, yule kasuku wa kijivu Alex aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg kule Marekani kwa miaka 30 alikuwa anataja rangi na maumbo na kuhesabu mpaka 6. Sasa akili kama hiyo unaifungia na bakuli la alizeti?

Halafu kuna jinsi wanavyopatikana. Kongo wategaji wanapaka ulimbo kwenye matawi, wanamfunga kasuku mwingine pale juu awaite wenzake, wakitua wananasa, na wengi wanakufa kwenye maboksi kabla hata ya kufika sokoni. Tangu 1975 zaidi ya milioni 1 wametolewa porini kwa biashara ya kimataifa, Ghana wamekaribia kuisha, ndio maana mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kule Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Kwa hiyo ukiuziwa kinda uchochoroni bila karatasi yoyote jua kuna uwezekano mkubwa kavushwa mpaka kwa magendo.

Wengine wananiambia wangu kazaliwa kwa mfugaji. Sawa, hapo msitu haujaibiwa, lakini kuku ana maelfu ya miaka ya kufugwa na kasuku hana, mahitaji yake ni yale yale ya porini, na anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, yaani ukinunua leo una miaka 35 panga kabisa nani atarithi.

Kama tayari unaye, tafadhali sana usimwachie aruke zake eti umempa uhuru, hajui kutafuta chakula na atakufa. Mtoe kwenye tundu kila siku, mpe vitu vya kutafuna, apate jua, alizeti iwe kidogo sana umwongezee sukuma wiki, karoti na boga, manake hawa wakikosa kalsiamu wanapata degedege. Avokado ni sumu kwake, na moshi wa kikaango cha nonstiki kikiungua unaua ndani ya muda mfupi.

Kwa walio Kenya, kumfuga kunahitaji kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa msamaha watu wawasajili. Ukiona umeshindwa naye wapigie KWS wakuelekeze, usimpost kwenye grupu la WhatsApp la kuuza na kununua.