Victoria, 1856: Jinsi Kura ya Siri Ilivyoundwa

Ukitaja kura ya siri, wengi hufikiria sanduku. Lakini sanduku lilikuwapo zamani, na peke yake halifichi kitu. Katika karne ya 19 vyama vya Marekani vilijichapia karatasi zao za kura, mara nyingi za rangi tofauti, hivyo mtu akitembea kwenda sandukuni kila aliyemtazama alijua anampigia nani. Kilichofanya kura iwe siri kweli ni karatasi iliyochapwa na serikali yenyewe, ya aina moja kwa wote, yenye majina ya wagombea wote, ikatolewa kituoni tu na kujazwa faraghani. Utaratibu huo uliwekwa katika makoloni ya Uingereza kule Australia mwaka 1856, na Victoria ilikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Victoria ya wakati huo ilikuwa imefurika watu. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851 koloni lilikuwa na watu wasiofika 80,000. Kufikia 1857 walikuwa wamepita 400,000. Wachimbaji wa dhahabu wa Ballarat walikuwa wameshapambana na askari pale Eureka, Desemba 1854, wakipinga ada ya leseni na kudai uwakilishi. Katiba mpya iliahidi bunge lenye mabaraza mawili, na swali likawa: watu watapigaje kura? Mwishoni mwa 1855 William Nicholson, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa Melbourne, alipeleka hoja ya kura ya siri. Hoja ikapita na serikali ya William Haines ikajiuzulu, lakini Nicholson hakuweza kuunda serikali, Haines akarudi. Wapinzani walidai kwamba mwanaume wa kweli hutaja chaguo lake hadharani. Hoja hiyo ilimfaa mwenye mali, si kibarua anayeweza kufukuzwa kazi kesho yake.

Aliyeigeuza hoja kuwa utaratibu unaofanya kazi ni mwanasheria Henry Samuel Chapman. Mpiga kura alikwenda kwa msimamizi wa kituo, jina lake likatafutwa katika daftari. Akapewa karatasi iliyotiwa sahihi ya msimamizi, na nyuma yake ikaandikwa namba yake ya daftarini. Akaingia katika chumba cha faragha, yaani kituturi, penye kalamu na wino, akakata majina ya wagombea asiowataka na kuwaacha anaowataka. Akaikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni, akaondoka.

Kukata majina kulikuwa na kasoro yake. Aliyesahau kukata jina moja akabakiza wagombea wengi kuliko viti vilivyopo, kura yake iliharibika. South Australia, ambako William Boothby alisimamia uchaguzi kwa miaka mingi, ilichukua njia rahisi zaidi: kuweka alama ya msalaba katika kisanduku kilicho kando ya jina. Ndiyo njia iliyoenea duniani.

Namba ya nyuma ya karatasi inastahili kuangaliwa kwa makini. Iliwekwa ili mtu akipiga kura kwa jina la mwingine, karatasi yake iweze kutafutwa na kuondolewa kesi inapofunguliwa. Lakini namba hiyohiyo ilimaanisha kwamba mwenye mamlaka ya kufungua karatasi zile angeweza kujua nani alichagua nani. Upande wa pili, karatasi isiyo na alama yoyote ya kuitambua hufungua mlango wa ujanja wa mnyororo: mtu wa kwanza anatoka kituoni na karatasi tupu mfukoni, wakala anaijaza na kumkabidhi mtu wa pili, huyu anaitumbukiza na kutoka na karatasi yake mpya ikiwa tupu, analipwa, na mchezo unaendelea kutwa nzima. Ndiyo maana sahihi ya msimamizi haitoshi. Ni lazima pia kuhakikisha kwamba karatasi inayoingia sandukuni ndiyo aliyopewa mtu huyo.

Uchaguzi wa kwanza kwa utaratibu huu ulianza Agosti 1856, na bunge likakutana kwa mara ya kwanza tarehe 21 Novemba: viti 60 katika Baraza la Chini na 30 katika Baraza la Juu. Siri, hata hivyo, haikumpa kila mtu kura. Masharti ya mali au kipato kwa wapiga kura wa Baraza la Chini yaliondolewa mwaka 1857, lakini yalibaki kwa Baraza la Juu. Wanawake wa Victoria walisubiri hadi 1908. Wenyeji wa asili, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikigawanywa, kwa vitendo walikuwa nje kabisa.

Uingereza yenyewe ilifuata mwaka 1872, nayo ikabakiza namba: karatasi na kipande kinachobaki kitabuni vilibeba namba moja. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria yake mwaka 1888, na Wamarekani wakaiita kura ya Kiaustralia. Karne moja baadaye, mwaka 1988, wapiga kura wa Kenya waliambiwa wapange mlolongo nyuma ya wagombea katika mchujo wa KANU, chama tawala, mchana, mbele ya macho ya wote.