Pug au Maltese kwa hapa Tanga? Mnayoambiwa na yaliyo kweli

Februari, joto limeshika na jasho halikauki mwilini, jirani yangu wa Raskazone alimtoa matembezi saa tisa alasiri Pug wake, yule mbwa mdogo wa uso bapa. Ufukweni hawakufika. Mbwa alijilaza kando ya njia, ulimi umegeuka zambarau, anakoroma na macho yako wazi. Tulimmwagia maji ya kawaida mwili mzima, tukampepea kwa kanga, ndipo tukapanda bajaji kwenda kwa daktari wa mifugo. Alipona. Tangu siku ile, kila anayeniuliza achukue Pug au Maltese, yule mbwa mdogo wa nywele ndefu, namwanzia hapo.

“Maltese ana manyoya marefu, joto litamuua. Pug ndiye wa pwani.”

Dhana hii ndiyo inayotesa mbwa kuliko zote, na ukweli ni kinyume chake. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Tezi zake za jasho ni chache, ziko nyayoni. Hupoa kwa kuhema, unyevu wa kinywani na puani ukiondoka na joto. Sasa Pug amezalishwa kwa kufupishwa uso kizazi baada ya kizazi, hata matundu ya pua yamebana na nyama laini ya kooni imekosa nafasi. Hewa haipiti sawasawa. Na hewa yetu ya Tanga yenyewe imeshiba unyevu, kwa hiyo hata anachohema hakimpozi vya kutosha. Ule mkoromo unaowachekesha wageni mara nyingi ni shida ya pumzi. Maltese ana pua ya kutosha kuhemea, na nywele zake zinapunguzwa kwa mashine. Msimnyoe hadi ngozi tu, jua litamchoma.

“Pug hana kazi ya manyoya.”

Anapukutisha mwaka mzima. Utayakuta kwenye kochi na kwenye kanzu ya Ijumaa. Maltese hupukutisha kidogo sana, ila nywele zake hazikomi kukua. Akiachwa nazo ndefu, zisipochanwa kila siku hufunga mafundo yanayovuta ngozi, na mbwa anaumia kimyakimya. Kama unafungua duka Ngamiani alfajiri na kurudi usiku, ujue kabisa nani atashika kitana.

“Watoto wapewe aliye mdogo zaidi.”

Hapana. Maltese mzima huwa na kilo 3 hadi 4, mifupa myembamba. Mtoto akimdondosha kutoka kitandani mguu unaweza kuvunjika. Pug wa kilo 6 hadi 8 anastahimili purukushani, na kwa hili anamshinda mwenzake waziwazi. Lakini macho yake yametokeza, ukucha wa paka mmoja unatosha kumjeruhi, na mikunjo ya uso inataka kufutwa na kukaushwa.

“Makombo yanamtosha.” Pilau na mchuzi vina vitunguu, na kitunguu ni sumu kwa mbwa yeyote. Pug, tena, hunenepa upesi, na unene unazidi kumbana pumzi.

“Mbwa wa ndani hahitaji chanjo.” Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wala bei. Achanjwe, na chanjo irudiwe kwa tarehe atakazopanga daktari.

“Mbwa mdogo hawasumbui majirani.” Maltese anaweza kubwekea kila pikipiki inayopita. Majirani zetu wengi ni Waislamu wanaolinda udhu wao, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Ukisikia hodi, muingize mbwa chumbani kwanza, ndipo useme karibu.

Kwa nyumba nyingi za hapa ningechukua Maltese aliyepunguzwa nywele. Pug namkubalia mwenye chumba chenye ubaridi mchana kutwa, anayeweza kumtembeza kabla ya saa moja asubuhi. Huyo naye, kabla ya kutoa pesa, amwombe muuzaji amtembeze kidogo uani mama wa mtoto wa mbwa anayeuzwa. Mama akianza kukoroma na kuvuta pumzi kwa shida, amwache.