RCCM si hati ya alama ya biashara

Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaoniletea migogoro ya majina ya bidhaa huanza karibu wote kwa maneno yale yale: "Maître (yaani wakili), niko na RCCM, jina ni langu." RCCM ni usajili wa kampuni katika daftari la biashara. Wengine huongeza kwamba tangu Kongo (DRC) ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012 sheria imebadilika, na kwamba usajili huo mmoja unalilinda jina katika nchi zote 17 wanachama. Nimechoka kulisikia jambo hili, maana kila mara huja baada ya hasara.

OHADA inashughulikia makampuni, dhamana, ukusanyaji wa madeni na mengineyo, lakini haina sheria ya alama za biashara. Inayoshughulikia alama hizo ni OAPI, shirika la Afrika la hakimiliki za viwanda, ambalo nalo ina makao yake Yaoundé na wanachama 17, karibu wote walewale, isipokuwa kwamba Mauritania imo na Kongo yetu haimo. Kwa hiyo Mkataba wa Bangui, ambao ndio sheria ya OAPI, uliporekebishwa huko Bamako mwaka 2015, ukaruhusu hata sauti isajiliwe kuwa alama, kwetu hakikubadilika kitu. Sisi tungali chini ya sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na haki ya kuitumia alama peke yako hutokana na kuisajili katika wizara ya viwanda, kwa aina za bidhaa ulizozitaja, kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa.

Tazama kipande cha sabuni sokoni: chini ya jina imechapwa namba ya RCCM pamoja na Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa), kana kwamba ni askari mlangoni. Mwenye depo ya pili anapoiga rangi na maandishi, akabadilisha herufi moja tu, karatasi ya RCCM inayopelekwa mahakama ya biashara inaonyesha jina la kampuni, anwani, shughuli na wasimamizi, etiketi haimo. Njia ya kushtaki kwa ushindani usio wa haki ipo, lakini hapo mzigo wa kuthibitisha ni mzito zaidi.

Kuchapa ishara ya ®, inayodai kwamba jina limesajiliwa, bila usajili hakumpi mtu haki yoyote.

Wapo pia wanaodhani kwamba usajili wa Kinshasa unavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa pamoja na lori. Zambia ina sheria yake mpya, namba 11 ya mwaka 2023, ambayo imeruhusu pia alama za huduma, kama za usafirishaji au hoteli, zilizokuwa zimeachwa nje na sheria ya zamani. Ombi linapelekwa PACRA, ofisi ya usajili ya Zambia, Lusaka. Kwa Mkataba wa Paris, aliyetangulia kuomba Kinshasa ana miezi 6 ya kuomba huko huku akihifadhiwa tarehe yake ya kwanza.

Ushauri wangu, ambao wachapaji hawaupendi: sajili kwanza neno lenyewe kwa herufi za kawaida, nembo ya rangi ifuate, na utafutaji katika daftari la wizara ufanyike kabla ya kuagiza etiketi.