Viziwi katika riwaya za vijana: wanavyodhaniwa na walivyo

Dhana: Kiziwi husoma midomo, hapitwi na neno.

Huyu tumemzoea: msichana yuko kona ya mkahawa, anawanasa wabaya wakipanga njama meza ya mbali, tena mmoja wao ana ndevu. Hayo hayawezekani. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti "baba", kisha "mama", kisha "papa". Midomo inacheza vilevile mara zote tatu. Sauti kama k na g ndiyo balaa, maana zinatengenezwa nyuma ya kinywa. Msoma midomo anaokota vipande na kujazia kwa kukisia, na hata hivyo anahitaji mwanga wa kutosha, msemaji mmoja na uso uliomgeukia. Kipindi kikiisha, amechoka kuliko wenzake. Sara Nović, mwandishi kiziwi, analionyesha hili vizuri katika *True Biz* (2022). Kitabu kilitolewa kwa watu wazima, ila kinahusu wanafunzi wa shule ya viziwi. Charlie, mmoja wa wanafunzi hao, asiposhika neno, ukurasani panabaki pengo, nawe unakisia kama yeye. Inakera kusoma, na ndivyo inavyotakiwa.

Dhana: Akivaa kifaa cha kusikia, yameisha.

Kifaa hukuza sauti, lakini si ya mwalimu tu: viti vinavyoburutwa na kelele za wenzake navyo vimo. Cece Bell alipoteza usikivu akiwa na miaka 4, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. *El Deafo* (2014) ni kitabu cha katuni kuhusu utoto wake, na watu wote humo ni sungura. Betri ikianza kuisha, maandishi ndani ya viputo vya maneno hufifia. Kuna na kurasa ambazo sauti zinamfikia, ila hazileti maana. Kifaa chake cha shuleni kilikwenda na maikrofoni aliyoivaa mwalimu shingoni, basi Cece anamsikia mwalimu hata huyo mwalimu akiwa msalani! Sidhani kama asiyewahi kuvaa kifaa angelifikiria hilo.

Dhana: Lugha ya alama ni moja dunia nzima.

Hapana. Kenya ina yake (Katiba ya 2010 inaitaja), Tanzania ina yake. Hata Mwingereza na Mmarekani hawaelewani: mmoja anaonyesha herufi kwa mikono miwili, mwenzake kwa mmoja. Ya Marekani ina asili ya Ufaransa, kupitia Laurent Clerc, mwalimu kiziwi aliyeshiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, huko Marekani, mwaka 1817.

Dhana: Maisha ya kiziwi ni upweke, na mwisho mwema ni kusikia.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Ann Clare LeZotte, mkutubi na kiziwi, aliijibu kwa *Show Me a Sign* (2020). Hadithi inaanza mwaka 1805 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, ambako kweli viziwi walikuwa wengi na majirani zao wanaosikia walijua alama. Mary Lambert, mwenye miaka 11, hajioni ana kasoro yoyote. Kisha anakuja mwanasayansi kijana kutafuta chanzo cha uziwi wa wakazi, anamteka na kumpeleka Boston akachunguzwe. Shida ya Mary inaanzia huko, mahali asipopata mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake.