"Hakuna utafiti uliofanyika": tafadhali, ulitafutaje?

Jumanne, hapa maktabani ninapofanya kazi, nimekutana tena na sentensi hiyo. Pendekezo la utafiti la uzamili, ukurasa wa tatu: hakuna utafiti uliowahi kufanyika kuhusu vyama vya ushirika wa kahawa Kilimanjaro. Hapa Moshi! Mji wenye KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilichoanzishwa 1933, ambacho wanahistoria na wachumi wamekiandika kwa miongo mingi. Mwanafunzi hakudanganya. Alitafuta, akapata sifuri, akaiamini sifuri.

Nikamwambia, "Dada, hebu nioneshe ulivyotafuta."

"Mama, nimetafuta mpaka bando limeisha."

Alikuwa amebandika kichwa kizima cha tasnifu kwenye kisanduku cha kutafutia, maneno kumi na tisa. Kanzidata nyingi, yaani hazina za makala mtandaoni, hutaka kila neno liwemo. Makala gani itakuwa na yote kumi na tisa? Tukabakiza matatu: coffee, cooperative, Tanzania. Matokeo yakaja, akafurahi, akataka kufunga kompyuta.

Ndipo ninapoishiwa uvumilivu, maana kazi yenyewe ilikuwa inaanza. Tanzania ni jina la 1964. Aliyeandika 1955 aliandika Tanganyika, na kanzidata haikisii kwamba unamtaka na huyo. Halafu kuna kile kistari. Waingereza walizoea kuandika co-operative. Chuo cha ushirika hapahapa mjini kinacho kwenye jina lake la Kiingereza mpaka leo. Usipokiweka, zipo kanzidata zitakazokuficha nusu ya maandiko. Wachagga nao ni Chagga, kwingine Chaga, na kwa Wajerumani wa zamani ni Dschagga. Tukaunganisha tahajia zote za ushirika kwa OR (lolote kati ya haya), majina ya nchi kwa OR, kisha makundi hayo kwa AND (yote yawemo). JSTOR, kanzidata ya majarida ya kitaaluma, ikatoa makala za enzi za ukoloni ambazo hakujua kama zipo. Hatukulipa hata senti. Tulibadilisha maneno tu.

Suala la malipo nalisema haraka. Ukurasa ukikudai dola, usikimbilie kusema maktaba haina kitu. Mchapishaji anakitambua chuo kwa anwani ya IP, namba ya mtandao unaoutumia. Ukiwa kwenye bando la simu, kwake wewe ni mpita njia. Ingia kupitia lango la maktaba, au uombe nywila ya Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ambao ndani yake kuna Hinari ya afya na AGORA ya kilimo. Na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, siyo makala. Usiinukuu kana kwamba umesoma yote.

Lipo jambo linaloninyima raha. Ripoti za matumizi zinanipa idadi ya makala zilizopakuliwa, nasi tunazipeleka vikaoni kama ushahidi kwamba wanafunzi wanasoma. Sina hakika. Faili inaweza kukaa kwenye flashi miaka miwili bila kufunguliwa. Mafunzo yetu ya saa mbili, wiki ya kwanza ya muhula, nayo sioni kama yanabaki kichwani, kwa sababu siku hiyo mwanafunzi bado hana swali.

Tena hata utafutaji mzuri una mwisho wake. Tasnifu nyingi za ushirika zilipigwa taipu, zikajalidiwa, hazikuskaniwa kamwe. Kanzidata yoyote ikisema sifuri kuhusu hizo, inasema kweli juu yake yenyewe tu. Dada yule amefuta ile sentensi. Kesho saa nne anarudi, tunaanza na rafu ya nyuma.