Sikoseli: "mmoja kati ya wanne" si zamu ya watoto

Jirani yetu hapa Busia, Uganda, mtoto wake wa kwanza ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, yeye na mumewe wote ni AS, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha kawaida (A) na kimoja cha sikoseli (S), sasa juzi shangazi mtu akamwambia zaa tu mwanangu, mmoja kati ya wanne ashapatikana, watatu waliobaki watakuwa wazima. Hapana jamani! Na wanafunzi wa siniya (sekondari) nao wanaandika hivyo hivyo kwa mtihani.

Chukua koini mbili za shilingi mia tano, moja ya baba moja ya mama, upande wenye kichwa cha korongo uwe S, upande ule wa pili A. Zirushe pamoja. Korongo wawili ni SS, huyo ndo mgonjwa, korongo mmoja ni AS anabeba tu, bila korongo ni AA. Sasa rusha tena, je koini zinakumbuka zilivyoanguka mwanzo? Hazikumbuki kitu. Basi kila mimba ni kurusha upya, asilimia 25 ya SS, iwe mimba ya kwanza ama ya sita, ndo maana kuna nyumba ina watoto wanne wote wazima na nyingine wagonjwa watatu, wazazi ni AS vilevile.

Na tuache kumlaumu mama, hiyo inaniuma sana. SS lazima ipate S moja kwa baba pia. Uganda watoto kama 13 kwa kila 100 wanabeba S, mkapime damu kabla ya ndoa.