Kabla ya yote, muulize nyumba yake iko wapi

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya sheria ya familia kwa lugha nyepesi, na wasomaji wangu wakubwa ni wanawake wenyeji asilia wa Kanada. Wengi hudhani kikwazo ni lugha tu: kipeperushi kikishatafsiriwa kwa Kikrii au Kiinuktitut, basi. Tafsiri inahitajika sana. Ila mara nyingi kipeperushi chenyewe kinamweleza mama sheria isiyomhusu.

Chukua suala la nyumba. Kwa sheria ya mkoa wa Ontario, wanandoa wote wawili wana haki sawa ya kukaa katika nyumba ya ndoa, hata kama hati ina jina la mmoja. Anayeishi Toronto anaweza kuitegemea. Lakini kwenye rizavu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya jamii za wenyeji, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1986 kwamba sheria za mikoa haziwezi kugawa ardhi wala kuamua nani akae humo. Pengo hilo lilidumu karibu miaka 30. Bunge la Kanada lilitunga sheria mwaka 2013, na kanuni zake za muda kuhusu nyumba zikaanza kutumika tarehe 16 Desemba 2014.

Kwa kanuni hizo, mke ana haki ya kukaa ndani ya nyumba ya familia hata kama yeye si wa jamii hiyo. Akipigwa, anaweza kuomba amri ya ulinzi ya dharura bila mume kuarifiwa kwanza, na mume akatolewa kwa muda usiozidi siku 90. Polisi anaweza kumwombea, mwenyewe akiridhia au jaji akiruhusu. Mume akifariki, mjane ana siku 180 za kuendelea kukaa. Hata hivyo, jamii ikijitungia sheria yake, hiyo ndiyo inayofuatwa. Na amri ya dharura hutolewa na jaji aliyeteuliwa na mkoa. Mkoa usipoteua, haki hiyo inabaki kwenye karatasi.

Ndiyo maana kipeperushi changu huanza na maswali: nyumba iko kwenye rizavu? Ya jamii gani? Ina sheria yake? Nakichapa kidogo kama kadi ya simu, kiingie ndani ya kiatu, na naweka namba ya msaada ya nje ya jamii. Katika kijiji kidogo, anayepokea simu ofisini anaweza kuwa shemeji.

Kuna hofu nyingine, nayo ni kubwa kuliko zote: watoto. Shule za bweni za lazima ziliwatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao kwa vizazi kadhaa, kwa hiyo mama hapigi simu, anaogopa maafisa wa ustawi wa jamii watamchukulia watoto. Namwambia ukweli kwamba taarifa ya kipigo inaweza kuwafikisha maafisa hao mlangoni. Kisha, kwenye ukurasa uleule, naandika kwa herufi kubwa yale ya sheria ya watoto wa wenyeji iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020: mtoto wake hawezi kuchukuliwa kwa sababu ya umaskini au ubovu wa nyumba peke yake, na akilazimika kuondolewa, ndugu wa familia wanatangulizwa kabla ya wageni.